Namna ya Kukata Kulia Mjini Mpanda

Kabla ya kuwasha pikipiki, zima sauti ya ramani kwenye simu. Kona za Mpanda huamuliwa kwa macho, na ile sauti ya "geuka kulia" hukukuta mahali ambapo kulia kuna njia tatu: moja ya gari, moja ya baiskeli, na moja ya kuingia uani kwa watu. Kwenye ramani zote tatu hazina jina.

Soma njia nzima ukiwa bado umesimama, na uangalie kama utavuka reli. Tawi hili la kutoka Kaliua, lenye kilomita kama 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na linakomea hapa hapa mjini. Mtu akikwambia "ng'ambo ya reli" amekupunguzia nusu ya mji. Simu itakuandikia "elekea kaskazini-magharibi". Mpanda iko nyuzi 6 na ushee kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini na kivuli unakikanyaga mwenyewe. Kaskazini-magharibi utaitoa wapi? Na simu ikiwa imetulia haina uhakika umeelekea wapi, kwa sababu dira yake ndogo huyumbishwa na chuma cha pikipiki. Songa hatua ishirini, uone mshale unafuata upande gani, ndipo uifuate.

Simu ikiandika "baada ya mita 200", hesabu nguzo za umeme. Mitaani nguzo na nguzo huachana kama mita 40 hadi 50, kwa hiyo nguzo nne au tano zinatosha. Na punguza mwendo. Ukienda kilomita 40 kwa saa unamaliza mita 11 kila sekunde. Simu ikichelewa sekunde 3 tu, vichochoro viwili umeviacha nyuma.

Amri inayoniuma zaidi ni "pinda kulia kidogo". Nilikuwa nawahi maziko Kawajense. Nikafika panapogawanyika njia, zote mbili zinapinda kulia kidogo. Nikashika yenye mchanga, ikaniishia kwenye shamba la mahindi. Niliporudi pale njiapanda palikuwa na mama anakaanga mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Msibani?"

Akanyoosha mwiko, mafuta yakidondoka. "Iache hiyo. Shika inayopita chini ya mwembe, ule walioegesha baiskeli. Ukisikia mashine ya kusaga, ujue umepitiliza."

Nilifika watu wananawa mikono, kaburi limeshafunikwa.

Maneno yale ya mama nimeyarudia kichwani mara nyingi. Alinipa cha kuona na cha kusikia, na juu ya hayo akanipa alama ya kujua kwamba nimekosea. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitaka kutoka kwa wanaotengeneza programu hizi. Simu hukadiria kona kwa pembe ya mistari, na mistari mingi imechorwa na watu wanaotazama picha za setilaiti. Ukiwa chini, mwembe ndio unaokuonyesha njia. Kwa anayetazama kutoka angani, mwembe ule ule ndio unaoificha.

Ukitoka nje ya mji, uwe makini zaidi. Ukielekea Sumbawanga, ukishafika Sitalike, penye viboko waliojazana mto Katuma wakati wa kiangazi, umefika mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Ramani huweza kukuonyesha vijia vya humo kama barabara za kawaida. Usikate kona yoyote kwa sababu simu inasema ni mkato. Masika, mbuga zile hugeuka ziwa, na ule udongo mweusi hushika gari likabaki hapo. Waulize askari wa hifadhi kwanza.

Mitaani hali inaweza kuwa nafuu. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti 23, operesheni ya anwani za makazi ilipita Tanzania nzima ikiweka vibao vya majina ya barabara na namba za nyumba. Ukiona kibao, kisome kwa sauti, kisha kifananishe na simu. Jina likikosekana kwenye ramani, liingize. OpenStreetMap, kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 2004, inamruhusu yeyote kufanya hivyo. Ila andika jina linalotamkwa na wapita njia. Nilirudi kumuuliza yule mama pale pake wanapaitaje, nikitegemea kusikia habari za mwembe.

"Kwa Mashine," akasema.

Nikamwambia mashine iko mbele.

"Iko mbele, ndiyo. Ila zamani ilikuwa hapa ulipokanyaga."