Barua ya Wazi kwa Meza Kuu: Samahani kwa Kuwakatizia Gumzo

Kwa Mwenyekiti,
Kamati Andalizi ya Tamasha la Muziki la Shule, Ngazi ya Kaunti.
(Kaunti haitajwi. Kila moja itajitambua.)

KUH: NYIMBO ZINAZOVURUGA MAONGEZI UKUMBINI

Mheshimiwa Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa.

Mwandishi wa barua hii alikuwa ukumbini tangu sala ya ufunguzi hadi matokeo, na anaandika kuipongeza Kamati. Hafla ilifana. Wakuu wa shule ambao hawakuwa wameonana tangu muhula uliopita waliulizana habari za uhamisho, karo na ng'ombe. Wazazi walipata jamaa waliopotezana nao. Maafisa walibadilishana namba za simu, tena kwa sauti, tarakimu moja moja, kiasi kwamba mstari mzima sasa unazo. Kasoro ilikuwa moja tu: kwaya. Kila maongezi yalipokolea, vijana wenye sare walipanda jukwaani na kuanza kuimba, bila kumuuliza yeyote kama amemaliza kusema.

Mfano mmoja utatosha. Baada ya chakula cha mchana ilipanda kwaya ya wasichana. Mwelekezi wao, mwalimu kijana mwenye suti iliyomzidi mabega, alipita mbele ya safu akiwapa noti kwa mvumo mdogo wa koo: soprano wa kwanza, soprano wa pili, alto. Akarudi katikati, akainua mikono. Wimbo ulianza kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo mtunzi huiandikia herufi mbili za p. Midomo ya wasichana ilionekana ikifunguka. Kilichosikika ni sauti kutoka meza kuu ikimweleza jirani yake kwamba mabati ya geji 30 ni kupoteza pesa, afadhali mtu ajikaze anunue ya geji 28. Ubeti wa kwanza ulikuwa umefika katikati kabla soprano hawajashinda mabati.

Ushauri wenyewe ni sahihi, mwandishi amekwishamuuliza fundi. Lakini mwamuzi hakuwa na nafasi ya kuuandika kwenye karatasi yake ya alama.

Kamati haikukosa kuona tatizo la kelele, hilo lisemwe kwa haki. Mfawidhi alitangaza mara nyingi kwamba ukumbi unatakiwa kuwa kimya, na aghalabu alitangaza hivyo wakati kwaya inaimba. Alitangaza pia gari lililoziba lango, mwanafunzi aliyepotea, mwanafunzi aliyepatikana, na ujio wa mgeni wa heshima, ambao ulitokea katikati ya wimbo wa kienyeji na ukataka watu wote wasimame. Waimbaji nao walikuwa tayari wamesimama, kwa hiyo upande wao itifaki haikuvunjwa. Baada ya kila shule aliomba makofi ya kilo. Kisha makofi yakawa ya kilo mbili, na mwamuzi, aliyekuwa bado anaandika, akaziba sikio moja kwa mkono wa kushoto na kuendelea kwa wa kulia.

Wengine wote ukumbini walimfuata kiongozi wao. Mwuza mayai ya kuchemsha alizunguka na ndoo yake ya kachumbari. Mlinzi wa mlangoni alipokea simu na kumjulisha aliyempigia, pamoja na nusu ya ukumbi, kwamba hawezi kuongea kwa sasa kwa sababu yuko ndani. Nje, madereva wa mabasi ya manjano walipiga honi kuwaita wanafunzi wao. Na shule iliposhuka jukwaani, mashabiki wake wote, walimu kwa wazazi, waliinuka pamoja na kuvuta viti vya plastiki kwenye sakafu ya saruji kuelekea mlangoni. Shule iliyofuata ilianza kwa kuimbia migongo.

Hapa sayansi inaweza kuisaidia Kamati. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio mita moja hufikia karibu desibeli 60, na mnong'ono karibu 30. Mwaka 1911, Étienne Lombard, daktari Mfaransa wa masikio na koo, alieleza jambo ambalo kila mwuzaji wa sokoni analijua: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujitambua. Jirani naye hupandisha yake ili asikike, na jirani wa jirani vilevile. Juu yao kuna paa la mabati lisilo na dari, chini saruji, pembeni kuta tupu, na sauti haina pa kufia. Kwa hiyo ukumbi unaoanza asubuhi kwa minong'ono hufika alasiri ukivuma, na hakuna hata mmoja anayedhani ni yeye.

Waimbaji pia wana masikio, na Lombard anawahusu. Kwaya ikisikia kelele mbele yake hujisukuma. Koo hukaza, noti za juu huwa kali, na kile kifungu cha sauti ya chini kilichofanyiwa mazoezi tangu muhula wa kwanza, wakati wenzao wakinywa uji, huimbwa kwa nguvu ileile ya kiitikio. Mwamuzi ataandika kwamba kupanda na kushuka kwa sauti hakukuonekana. Ataandika kweli. Na yule mwelekezi wa suti kubwa si mjinga: mwakani atachagua wimbo unaopiga mayowe tangu noti ya kwanza. Hivyo ndivyo meza kuu inavyofundisha muziki katika kaunti hii, bila mtaala wala mshahara.

Kamati huenda ikajitetea kwa utamaduni, kwamba sisi si watu wa kukaa kimya kama walio kanisani. Mwandishi anaunga mkono hoja hiyo kwa mikono miwili, na ndiyo sababu anashangaa ilivyotumika siku ile. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na baragumu la pembe na njuga, na huchezwa kwenye harusi, kwenye mazishi, kwenye michezo, mahali ambapo hakuna mtu anayeitwa mtazamaji. Isukuti ilipopigwa ukumbini, wanafunzi wa safu za nyuma waliinuka, mabega yakaanza kazi, vigelegele vikapaa. Hapo ndipo Kamati ilipopata meno. Wasimamizi walitumwa kuwakalisha chini, na mfawidhi akawakumbusha kwamba lazima waheshimu wasanii. Meza kuu ilikubali kwa kutikisa kichwa, kisha ikaendelea na habari za kiwanja kinachouzwa karibu na barabara.

Wale wanafunzi ndio pekee waliokuwa wanasikiliza.

Atakayebisha aende Unguja kwenye taarab. Humo mtu huinuka katikati ya wimbo, akatembea kwa madaha hadi mbele, akamtunza mwimbaji pesa, na njia nzima anaucheza ule ubeti uliomgusa, au uliomgusa adui yake aliyekaa meza ya pili. Ukumbi mzima unajua ni ubeti gani na ni adui yupi. Kelele zipo, lakini bila wimbo zisingekuwapo. Hata Wazungu, ambao Kamati hupenda kuwatolea mfano wa utulivu, hawakuzaliwa watulivu. Julai 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kuhusu simfoni yake mpya. Wasikilizaji walipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza, kwenye kifungu alichokuwa amekiweka makusudi akijua watakipenda. Sehemu ya mwisho aliianza na vayolini peke yake kwa sauti ndogo. Watu wakaambiana wanyamaze, na vyombo vyote vilipoingia kwa kishindo, makofi yakalipuka papo hapo. Mozart hakukasirika. Alifurahi, akaenda kula aiskrimu. Alikuwa amepangia kelele zao mahali pake ndani ya muziki. Geji 30 haina mahali popote pa kupangiwa.

Basi lawama iende wapi? Sehemu yake, mwandishi anakiri, iende kwa utaratibu wenyewe. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 mikononi mwa walowezi, kwa mtindo wa mashindano ambao huko Uingereza unahusishwa na Mary Wakefield, aliyeanzisha yake karibu na Kendal mwaka 1885: kwaya nyingi, wimbo mmoja wa lazima, mwamuzi mmoja mwenye kalamu. Kwa mwamuzi mpango huo una maana, kwa kuwa analinganisha. Kwa mama aliyeacha duka lake kuja kumsikia mwanawe, kusikia wimbo uleule, wa lugha asiyoijua, kutoka kwa shule ya kumi mfululizo, ni adhabu. Asipopiga gumzo atasinzia, na kukoroma nako kuna desibeli zake. Kamati ingeweza kuchanganya ratiba, nyimbo mbili tatu za lazima kisha ngoma, kisha shairi. Ingeweza kuchapa karatasi yenye saa za kila shule na maana ya wimbo kwa mistari minne ya Kiswahili. Siku ile ratiba ilikuwako, nakala moja, mfukoni mwa katibu.

Uingereza hiyohiyo ina jambo jingine la kuazima. Mashindano makubwa ya bendi za matarumbeta yalianza Belle Vue, Manchester, mwaka 1853, na wapigaji walikuwa watu wa kazi zao, wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani, waliofanya mazoezi jioni. Ili kuzuia upendeleo, waamuzi hufungiwa ndani ya kibanda kilichozibwa pande zote: wanaisikia bendi, hawaioni. Kwa mazingira yetu mwandishi anapendekeza marekebisho madogo tu. Mwamuzi abaki nje. Kibandani iingie meza kuu, pamoja na chupa zake za maji, maua yake ya plastiki na kipaza sauti cha akiba. Pazia liwe zito.

Kama kibanda ni ghali, mlango hauna gharama. Ufungwe wimbo unapoanza, ufunguliwe unapokwisha, na mgeni wa heshima asubiri nje dakika nne za wimbo kama mwuza mayai. Mfawidhi akae mbali na swichi ya kipaza sauti mpaka mwamuzi ainue kichwa. Shule iliyokwisha kuimba isikilize angalau moja inayofuata kabla ya kutoka; walimu wanajua kuwalazimisha wanafunzi mambo magumu kuliko hayo. Na vigelegele viruhusiwe kwa maandishi, na mhuri.

Kamati isijibu kwamba ukumbi huo haunyamaziki. Ulinyamaza mara mbili, mwandishi akiwepo. Mara ya kwanza ni katibu alipotangaza ni shule zipi zitaanza kupewa chakula. Mara ya pili ni matokeo: alama zilisomwa hadi nusu alama, kwa kipaza sauti kinachokwaruza, na hata mtoto mchanga wa mstari wa mbele aliacha kulia kusikia nani kaenda ngazi ya kanda. Uwezo upo. Kinachokosekana ni kitu ambacho watu wanahofia kukikosa.

Kwa hiyo mwandishi anaomba jaribio moja mwakani, lisilohitaji bajeti mpya. Mfawidhi atangaze asubuhi kwamba posho ya usafiri ya meza kuu italipwa siku hiyohiyo, taslimu. Kwamba majina yatasomwa mara moja tu, kwa sauti ya chini, wakati wowote, katikati ya wimbo wowote. Na kwamba ambaye hatalisikia jina lake atachukuliwa kuwa amechangia posho yake kwa nauli ya kwaya ya wasichana.

Wako mtiifu,
Msikilizaji, mstari wa tatu.

Nakala: Mfawidhi (asiisome kwa kipaza sauti).