Hongera, Umepunguziwa

Vyuo vidogo binafsi vya Marekani, vile vya falsafa asubuhi na biolojia jioni, vina ukarimu wa ajabu. Tuseme cha kwanza kinatoza dola 85,000 kwa mwaka, kisha kinakutunuku "Ufadhili wa Rais" wa 40,000. Cha pili kinatoza 60,000 na kukupa 20,000 kavukavu, bila cheo wala nembo. Ukoo mzima unashangilia cha kwanza: mtoto katambuliwa na rais! Rais gani, haulizi mtu. Kwamba huko mtalipa 5,000 zaidi kila mwaka, kwa miaka minne, hizo ni hesabu za wenye roho mbaya.

Mwenye duka Kariakoo naye hukutajia bei ya mbinguni, kisha akakupunguzia "kwa kuwa ni wewe". Ila yeye hakuandikii barua ya hongera.

Na barua yenyewe uisome mpaka chini. Chini ya kichwa "Msaada" utaukuta mkopo, na riba yake. Utaikuta na kazi ya kuosha vyombo bwaloni. Nayo ni msaada.

Una hadi Mei Mosi kuamua. Chuo kitakufundisha fikra tunduizi. Kinaomba tu usianze kuzitumia kabla hujalipia nafasi.