Shangazi, Kompyuta Yangu Imechoka

Mwangaluka, Shangazi. Nina steshenari Kirumba. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 780, prosesa yake Core 2 Duo E8400. Tumeishi vizuri, ila siku hizi mteja akitaka kuchapa barua anaweza kwenda Mwaloni, akanunua dagaa, akarudi, bado inawaka. Kijana mmoja wa Makoroboi ananiuzia Core i5-2400 iliyotumika. Niichukue?
Aliyechoshwa, Kirumba

Mwangaluka, mwanangu. Mbona unataka kutoa mahari kabla hujauliza ukoo? Soketi ya 780 ni 775. I5 hiyo ni ya 1155. Namba hizo ni idadi ya sehemu zinazogusana na bodi. Kwa umbo prosesa zote mbili zina milimita 37.5 kila upande, ndiyo maana kijana anaapa itaingia. Haiingii. Vikato vya pembeni havilingani, na ukilazimisha utapinda vile visindano vya kwenye soketi. Hapo si prosesa tena, umefiwa na bodi nzima.

Wa ukoo wake yupo: Core 2 Quad Q9550, viini vinne badala ya viwili. Ila huyo hula hadi wati 95, na wa sasa ni 65, kwa hiyo hakikisha feni yako inamudu, na BIOS uisasishe kwanza, siyo baadaye.

Lakini nikung'ate sikio. Waulize wavuvi hapo Mwaloni: mtumbwi uliojaa maji unaongezewa injini, au unakumbwa maji kwanza? Nahisi bado unatumia hadidiski ya kuzunguka. Weka SSD, fikisha RAM GB 8, kisha ndipo uniandikie habari za prosesa. Hutaniandikia.

Shangazi, fundi alinibadilishia prosesa. Pesti ya kupitishia joto ilikuwa imemwishia, akapaka dawa ya meno. Siku za kwanza iliwaka vizuri, sasa inajizima kila dakika tano. Ni umeme?
Mwalimu, Nansio

Mwalimu, umeme una kesi nyingi, usiuongezee hii. Dawa ya meno ikikauka inabaki unga, joto halipiti, na prosesa inajizima kabla haijaungua. Ina busara kuliko aliyeifunga. Futa kwa spiriti, paka pesti yenyewe kiasi cha punje ya mchele. Ukiwa humo, safisha na feni. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi huzikana humo kwa ukoo mzima. Na fundi akirudi, muulize yeye hupigia mswaki pesti ipi.