Oili Yenye Chumvi

Fundi wangu wa gari wa Tabata hana mashine ya kupimia oili. Ana vidole viwili. Anachomoa kijiti, anaifikicha oili kwa gumba na shahada, anainusa, anatazama juu kidogo, kisha anahukumu: "Bosi, oili imechoka." Miaka sita sasa, sijawahi kumpelekea oili ambayo haijachoka.

Mpwa wangu anayefanya kazi mgodini Geita alinicheka. "Mjomba, huku oili ya malori inapimwa maabara." Akanisomesha. Kampuni za reli za Marekani zilishaanza kupima oili za injini za treni miaka ya 1940. Kinachosagika ndani ya injini huacha unga wake kwenye oili: chuma cha silinda na krenki, aluminiamu ya pistoni, risasi na shaba za beringi. Mashine huuhesabu unga huo kwa sehemu katika milioni. Chembe zenyewe nyingi hazifiki mikroni 10, na unywele mmoja una unene wa kama mikroni 70. Vidole vya fundi havingezihisi hata vingevaa miwani.

Nikakubali. Sisi tuliowahi kupeleka choo hospitali ndani ya kiberiti, oili itatushinda? Siku ya kumwaga oili nilifuata maagizo: injini iwe ya moto, oili ya mwanzo iachwe ipite na uchafu wake, ikingwe ya katikati, tena kwenye chupa safi na kavu. Jikoni nilikuta moja, safi na kavu, kifuniko chekundu. Nikaiazima bila kuomba.

Majibu yalirudi. Chuma sawa, shaba sawa, risasi sawa. Sodiamu: juu mno. Chini yake waliandika nikague kama maji ya rejeta yanavuja kuingia kwenye oili, maana dawa ya rejeta huwa na sodiamu.

Fundi aliipokea karatasi ile kwa mikono miwili, kama hundi. "Gasketi ya hedi hiyo, bosi. Tunashusha hedi." Akataja bei. Nikakalia tairi bovu lililokuwa karibu.

Kitu kimoja tu kilinikwaza: rejeta yangu hunywa maji ya bomba. Hiyo dawa sijawahi kuinunua.

Usiku ule, mezani, mke wangu akauliza watoto: "Nani kachukua chupa yangu ya achari ya ndimu? Ile ya kifuniko chekundu." Nikaacha kutafuna.

"Si ilikuwa safi?" nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika.

"Safi ya nini? Nilikuwa naijazia achari nyingine, mdomoni chumvi imeganda."

Asubuhi nilikwenda duka la dawa kununua vikopo vya kupimia. "Vya mkojo, mzee?" dada akauliza. Nikamwambia ni vya gari. Alinitazama kwa huruma, akanipa viwili.

Hedi haikushushwa. Nilivuta oili kidogo kwa mpira safi kupitia tundu la kijiti, nikaipeleka. Sodiamu ya chumvi ikatoweka. Lakini mistari miwili, hata kwenye oili mpya, ilikuwa juu: silikoni na aluminiamu, zote zimepanda pamoja. Nikafukua majibu ya kwanza. Zilikuwepo vilevile, ila sote tulikuwa tunakodolea macho chumvi. Nikampigia mpwa. "Zikipanda pamoja hivyo, mjomba, mara nyingi ni vumbi. Fungua filta ya hewa."

Tukaifungua. Karatasi yake ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Kila safari fundi alikuwa anaipuliza kwa upepo wa kompresa, "ipumue." Ilikuwa inapumua kweli, na vumbi la Tabata lote likiingia nayo. Filta mpya nilinunua kwa bei ya kuku mmoja.

Basi ndugu msomaji, ukipeleka oili kupimwa, nunua kikopo kipya, na majibu yakija usome mistari yote, si ule unaotisha peke yake. Na chupa ya jikoni, hata ing'ae vipi, muulize kwanza mwenye jiko.