Historia Kwa Lugha Mbili

Mtoto wa kaka yangu ana digrii ya historia. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, atakusimulia mpaka chai ipoe. Lakini kupewa chaki? Thubutu! Mpaka kwanza asome stashahada ya uzamili ya elimu, ada mfukoni mwake.

Basi amejikunyata kibarazani na daftari la mistari, anapanga kozi: saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, upimaji, mbinu za kufundishia historia, na za jiografia pia, maana mwenye somo moja huambiwa asubiri. Halafu mazoezi ya kufundisha. Huko andalio la kipindi cha dakika 40 litakuwa refu kuliko Majimaji yenyewe.

Tangu kidato cha kwanza historia kaisoma kwa Kiingereza. Sasa mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Juzi kaniuliza, kalamu mdomoni:

“Shangazi, ile indairekti ruli ya Gavana Cameron, Kiswahili chake nini?”

“Kututawala kwa mikono ya machifu wetu.”

Akaandika, akapigia mstari. Mimi niliishia darasa la saba.