Marehemu Ni Sisimizi

Shangazi,

Kwanza rudisheni majamvi kwa wenyewe. Hapa Houston hakuna aliyekufa. Kumbe Baba Mdogo alipokuwa akiongea nami kwenye simu, wewe ulikuwa jikoni na sikio lako sebuleni. Ukasikia "mgonjwa yuko kimya?" na "utamfuata babu yako", ukajitupia kanga ukatoka. Kabla sijalala nilikwisha kupokea pole kumi na moja kutoka Ngamiani, nikaanza kujipapasa mapigo ya moyo.

Mgonjwa alikuwa esii. Unajua Baba Mdogo, fundi friji wa miaka yote: kwake kila mashine ni mgonjwa.

Mwezi wa nane huku ni joto la Tanga lililonyimwa bahari. Nyumba zimefungwa kama kopo la maziwa, dirisha ni la kuangalia tu. Esii yenyewe imegawanyika: ndani kuna feni ya kupuliza, na nyuma ya nyumba kuna sanduku kubwa kama banda la kuku, lenye feni yake na kompresa inayosukuma gesi. Gesi hiyo ndiyo inayobeba joto la ndani na kwenda kulimwaga nje. Kompresa ikigoma, ile feni ya ndani inakurudishia jasho lako mwenyewe.

Jumamosi ikagoma. Kipimo cha ukutani kikasoma 91. Usishtuke, hatukuchemka, Wamarekani wana hesabu zao, kwenu ni kama 33. Nikabadilisha betri za themostati. Nikazima breka, nikaiwasha tena. Nikachomoa filta, ina vumbi la kutosha kupanda mchicha. Kimya. Mke wangu akalowesha kanga na kujilaza sakafuni, akaniangalia kama niliyemtoa kwao kwa ahadi za uongo.

Saa nne usiku, kwenu saa kumi na mbili asubuhi, nikampigia Baba Mdogo.

"Sogeza simu kwenye sanduku. Mgonjwa ananguruma au yuko kimya?"

"Yuko kimya."

"Feni ya nje?"

"Nayo imelala. Nasikia tik moja tu."

"Basi hajafa, hajaitwa. Angekuwa ananguruma bila kuamka, ningeshuku kapasita. Fungua, tazama kontakta. Lakini zima umeme kote, ndani na hapo nje. Na kapasita usiiguse! Hiyo hutunza umeme hata baada ya kuukata. Ikikupiga utamfuata babu yako."

Hapo ndipo ulipotafuta kanga.

Kontakta, Shangazi, ni kidude kisichozidi viberiti viwili. Umeme mdogo wa volti 24 kutoka kwenye themostati hukivuta kibati chake kikashuka, tik, kikaunganisha ule mkubwa wa volti 240 unaoamsha kompresa. Nikafungua, bisibisi mkononi, tochi mdomoni, mbu shingoni. Umeme nimeuzima, nikakibonyeza kibati: kinashuka vizuri, ila hakifiki. Katikati palikuwa na sisimizi, mamia kwa mamia, wamekaangwa wakakauka, wamebanana kama dagaa kwenye fungu.

Asubuhi akaja fundi wa huku. Alibadilisha kontakta kwa muda wa kunywa chai, akataja bei ambayo sitaiandika kwa sababu utaigeuza shilingi. Akasema Texas hii kazi ya sisimizi anaijua sana. Mmoja huingia humo, akapigwa shoti. Akifa hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Wanakuja mbio, nao wanapigwa, nao wanaita. Mpaka ukoo mzima umelala pale.

Nikacheka peke yangu. Fundi hakujua kwamba amenieleza msiba wa kwetu: mtu mmoja kafariki, na kabla ya jioni wamefika hadi wa Pangani na Muheza.

Kisha kicheko kikanikauka. Babu alipofariki niliitwa, nikatuma hela na ujumbe wa sauti, nikarudi kukaa kwenye ubaridi wangu. Sisimizi wa Texas hajui kutuma rambirambi kwa simu. Akiitwa, anakwenda.

Nimepuliza dawa pembeni mwa sanduku, sikuwa na budi. Lakini wale wa kwenye kontakta kuukuu nimewakung'utia chini ya mti, taratibu, kwa mswaki wa zamani.

Nauli za Desemba nimeanza kuuliza. Kwa hiyo majamvi ukiyarudisha, Shangazi, moja libakishe.

Mwanao, mzima kabisa.