Gari Haliwaki? Washukiwa Saba Kabla Hujanunua Pampu

Stata inazunguka kwa nguvu zote, gari kimya. Unapiga tena, kimya. Mara ya nne linakohoa, linawaka, na linatulia kana kwamba halikufanya lolote. Jirani aliyekuwa anapiga mswaki uani ameshatoa hukumu: "Hiyo pampu." Fundi naye, kwa simu, bila kuliona gari: "Pampu hiyo, bosi." Pampu za mafuta zina bahati mbaya mjini hapa. Tuwahesabu washukiwa kwa kurudi nyuma, wa mwisho ndiye mkubwa wao. (Kama stata yenyewe inazunguka kwa kujivuta, funga ukurasa huu ukatafute betri.)

7. Tenki tupu
Usicheke. Geji ya gari la mtumba lenye miaka kumi na tano husoma inavyojisikia. Mwaga lita tano kwanza, matusi baadaye.

6. Fyuzi na relei
Zungusha funguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata, utege sikio siti ya nyuma. Magari mengi hutoa mlio wa "zzzz" wa sekunde mbili hivi: pampu inajaza presha. Husikii kitu? Usikimbilie Kariakoo bado, maana baadhi ya Toyota pampu haianzi mpaka stata izunguke. Mtu apige stata, wewe sikiliza. Kukiwa kimya bado, angalia fyuzi, kisha uazime relei ya honi kama namba zake zinafanana na ile ya pampu. Utakosa honi kwa dakika chache, jambo ambalo Dar es Salaam ni adhabu kubwa kuliko kukosa gari.

5. Filta
Husingiziwa sana. Filta iliyoziba huonekana zaidi kwenye mlima Kitonga, gari linapokosa pumzi, kuliko asubuhi pale nyumbani. Ila wenye dizeli, toeni maji kwenye filta na mkague mipira yake. Hewa ikipenya, dizeli hurudi tenki usiku kucha, na asubuhi mnasukuma ile pampu ya mkono mpaka kidole gumba kiombe likizo.

4. Mafuta yenyewe
Tumeshajua kuchakachua ni nini. Mafuta huwekwa vinasaba ili wachakachuaji wanaswe, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kuwaondolea utamu. Petroli yenye mafuta ya taa haigeuki mvuke kirahisi injini ikiwa ya baridi, ndiyo maana mateso ni ya asubuhi. Jaza kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji yakiwemo yatashuka chini na utaona mstari. Mafuta ya taa hayatajionyesha hivyo, lakini kama ugomvi ulianza siku ile ile uliyojaza kituo usichokizoea, huhitaji mpelelezi.

3. Sensa ya joto la maji
Haigusi mafuta, ila ndiyo inayoiambia kompyuta imwage kiasi gani. Injini ya baridi inataka mafuta mengi zaidi. Sensa ikidanganya kwamba kuna joto, kompyuta inabana. Ikidanganya kwamba kuna baridi, inamwaga mpaka plagi zinalowa. Mashine ya kupimia haina siri: asubuhi, kabla ya kuwasha, namba iwe karibu na joto la hewa. Ukisoma nyuzi 40 chini ya sifuri, ama waya umekatika ama gereji imehamia Siberia.

2. Nozeli inayovuja
Huyu ana saa zake. Asubuhi anaweza kuwa na adabu, ila zima gari dakika ishirini ununue nyanya, urudi: linagoma, petroli inanuka, na likiwaka linatoa moshi mweusi. Nozeli imedondosha mafuta ndani ya injini wakati wewe unapunguziwa bei. Kanyaga mafuta mpaka chini huku unapiga stata. Kwenye magari mengi kompyuta hukata mafuta na hewa ikakausha mafuriko. Likiwaka kwa njia hiyo, umeshampata.

1. Presha inayotoroka usiku
Hapa ndipo kesi nyingi huishia. Ukiacha injini za D-4 na ndugu zake, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli hufika kwenye nozeli kwa presha ya baa tatu hivi, na ukizima, kivalvu kidogo ndani ya pampu huizuia isirudi tenki. Kikichoka, asubuhi paipu haina kitu. Jaribu bure: washa na kuzima swichi mara tatu nne bila stata, kisha piga. Likidaka mara moja, pumzi inapotea usiku. (Zile Toyota za namba 6 hazitaingia kwenye mtego huu.)

Sasa mdai fundi geji ya presha. Zima gari, itazame. Ikishuka haraka, rudia, safari hii ukibana mpira unaotoka tenki mara tu unapozima, na sigara ikae mbali. Presha ikisimama, mvujaji yuko upande wa tenki. Ikiendelea kushuka, rudi namba 2.

Na kile kivalvu? Kwa kawaida hakiuzwi peke yake. Unanunua pampu nzima. Ndiyo, jirani mwenye mswaki alipatia. Muulize tu alijuaje.